Dola Dhidi ya Hemedi Aliyelicheka Bomba

Mimi ndiye mchambuzi wa sheria namba moja katika nchi yetu. Tulikuwa wawili, na mwenzangu yuko ndani.

Alifungwa kwa kosa la kuelewa hukumu. Alikuwa na digrii tatu, maskini. Akaisoma hukumu ya Mahakama ya Juu, akaielewa, kisha akaandika gazetini kwamba ameielewa. Mimi niliishia darasa la nne. Siku mwalimu alipoanza kugawa namba kwa namba nikaona mambo yanageuka ugomvi, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo Serikali haina wasiwasi nami. Kila Ijumaa naandika maoni yangu juu ya sheria mpya na hukumu za wiki, gazeti linachapa, watu wanafungia vitumbua, na nchi inasonga mbele.

Sheria sikuisomea, niliishona. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mshonaji wa mafaili pale Mahakama ya Wilaya. Natoboa karatasi za kesi pembeni, napitisha uzi, nakaza fundo, karatasi isije ikapotea. Karatasi inayotakiwa kupotea ilifunguliwa na mtu mwenye cheo kunizidi. Basi huku nashona, huku nasoma. Nimesoma kesi nyingi kuliko mahakimu wetu, maana wao husoma ukurasa wa mwisho tu, tena ule walioletewa ukiwa umeshaandikwa.

Jina la nchi sitalitaja, na msidhani ni woga. Kuna amri ya muda ya mahakama inayozuia lisitajwe mpaka kesi ya msingi isikilizwe, na kesi ya msingi haijasikilizwa kwa sababu karani hawezi kuiita bila kulitaja. Huu ni mwaka wa tisa.

Wiki hii nilikusudia kuchambua hukumu ya yule bwana aliyeanguka na baiskeli kwenye shimo la barabara kuu akavunjika mguu. Mahakama ilimwona ana hatia. Barabara ile ilishawekwa lami kwenye ripoti ya Wizara, kwa hiyo shimo halipo, na mtu anayevunjika mguu kwenye shimo lisilokuwepo anaichafua Wizara. Ni hukumu nzuri, ina kurasa arobaini. Lakini nikishika kalamu, mkono hauendi huko. Unataka kuandika kesi ya Hemedi, na mimi ni mtu mzima, sina nguvu ya kushindana na mkono wangu mwenyewe.

*

Hemedi alikuwa fundi wa majiko ya mkaa, miaka ishirini na sita, mtoto wa pekee wa jirani yangu Siyawezi. Siyawezi ni mjane. Ananiita dada Somoe ingawa naweza kumzaa, nami humwita mwanangu, na hakuna aliyewahi kukaa akaupigia hesabu undugu huo.

Waziri wa Maji alikuja kwetu kuzindua bomba. Alikuja na magari arobaini na matatu, na moja lilibeba maji ya kunywa. Akahutubia saa mbili juani. Alisema bomba hili ni jibu kwa maadui zetu wa nje, alisema maji ni uhai, alisema na uhai ni sera. Kisha akalifungua.

Bomba likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena, akatoka mende mmoja mkubwa, akasimama kwenye mdomo wa bomba, akamtazama Mheshimiwa Waziri, akarudi ndani.

Jamani, watu walijizuia. Mkuu wa Wilaya alijifanya anapiga chafya. Kiongozi wa dini alitazama juu kama aliyeitwa. Mimi niliuma mtandio wangu mpaka leo una tundu. Hemedi akacheka. Na huyu mtoto hakuwa na kicheko cha kuficha, alicheka kwa mwili mzima, magoti yanapigana, machozi yanamtoka, mpaka Waziri mwenyewe midomo ikaanza kumcheza.

Walimchukua kabla hajamaliza kucheka.

Shitaka lilisomeka hivi: kulicheka bomba la maendeleo likiwa kazini, kinyume na kifungu cha 88(b). Mtauliza 88(a) kinasemaje. Kinahusu kulia. Kwa tafsiri yangu ya kitaalamu, kwenye uzinduzi wowote uso wa raia unaruhusiwa kupiga makofi tu.

Siku ya kwanza kesi ilipotajwa alifikishwa mahakamani. Jicho moja lilikuwa limefumba. Akazungusha lile moja lililobaki mpaka akamwona mama yake kwenye benchi la nyuma, akasema kwa sauti mbele ya mahakama nzima:

"Mama, umekula?"

Askari akamsukuma akae. Hatujamwona tena.

*

Niwaeleze kesi inavyotajwa kwetu, maana hapa ndipo penye ufundi. Kila baada ya siku kumi na nne faili linatolewa kabatini. Tarishi wa mahakama anakwenda mlangoni, anaita jina la mshtakiwa mara tatu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, hata kama mshtakiwa yumo mle mle ndani. Ndiyo utaratibu. Kisha anasimama wakili wa Dola, anasema sentensi moja. Hakimu anatoa tarehe. Faili linarudi kabatini limechoka.

"Hemedi! Hemedi! Hemedi!"

Tarishi anauita ukumbi mtupu. Na kila mara Siyawezi alikuwa anasimama. Nilimuuliza, "Mwanangu, mbona unasimama wewe?" Akasema, "Nisiposimama mimi, dada Somoe, itaonekana hakuna mtu."

Wakili wa Dola ni Bwana Deusdediti, kijana nadhifu, ana sauti ya kusomea matangazo ya vifo redioni. Alikuwa anasimama, anarekebisha tai, anasema:

"Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika."

Hakimu wetu, Mheshimiwa Luponda, huwa anaandika tarehe kabla hajaombwa. Si mtu mbaya. Ni mtu wa chakula cha mchana.

"Baba," Siyawezi alikuwa anauliza, "mwanangu yuko wapi?"

"Mama, swali hilo linaingilia upelelezi," anajibu Deusdediti.

Siyawezi alikwenda polisi, wakamwambia mwanao tulishampeleka gereza. Akaenda gereza, wakamwambia wafungwa wa namna hiyo wako mahakamani. Akarudi mahakamani, karani akafungua daftari, akapitisha kidole, akamwambia kwa furaha ya mtu aliyepata alichotafuta, "Huyu hapa, mama. Yuko kwenye upelelezi." Kama vile ni mtaa, una nyumba na milango.

Mara ishirini na mbili faili lilitoka kabatini na kurudi. Zidisheni wenyewe. Mimi hesabu mnajua zilinishinda.

*

Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kukomesha Ucheleweshaji. Ilichelewa miaka kumi na mmoja, lakini ilipofika ilifika kwa kishindo. Kifungu cha tatu kinasema ni marufuku wakili yeyote wa Dola kutamka mahakamani maneno "upelelezi haujakamilika". Kifungu cha nne kinasema kesi isonge mbele ndani ya siku kumi na nne, liwalo na liwe. Kifungu cha tano ndicho nilichokisoma mara mbili, nikafuta miwani, nikakisoma tena. Kinasema kwamba kwa kuwa sentensi hiyo imelitumikia Taifa kwa uaminifu tangu uhuru, izikwe kwa heshima zote za kitaifa.

Na ikazikwa.

Sentensi iliandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye karatasi nzuri, ikalazwa juu ya mto ndani ya jeneza la mninga. Jeneza likazungushwa katika mahakama zote za wilaya ili mawakili waage. Wengine walizimia. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Kaburi lilichimbwa uwanjani mbele ya mahakama yetu, kwa kuwa takwimu zilionyesha hapo ndipo ilipofanya kazi zaidi. Likajengewa kwa marumaru, likazungushiwa uzio, likapangiwa mlinzi.

Waziri wa Sheria akatoa salamu za rambirambi.

"Ndugu wafiwa," alisema, na akasimama kidogo kufuta jicho lililokuwa kavu. "Marehemu hakuwa sentensi tu. Alikuwa mlezi. Ni wangapi kati yetu tuliopanda vyeo mikononi mwake? Alisimama mahakamani wakati wengine tumelala. Hakuwahi kubadili kauli. Wizara yangu haitakubali, narudia, haitakubali, marehemu asahaulike."

Siyawezi alikuwa kando yangu. Alikuja kwa sababu siku ile ilikuwa tarehe ya kesi, na hakuna aliyemwambia kwamba mahakama imefungwa kwa msiba.

"Dada Somoe," akaninong'oneza. "Humo ndani kuna nini?"

"Karatasi."

"Karatasi tu?"

"Karatasi na mto."

Akalitazama jeneza likishuka. Akawatazama vijana wa gwaride wakilishusha polepole, kwa kamba nyeupe, wasiligongeshe. Kisha akakaa chini kwenye mchanga na kulia. Sijui niwaambie alilia vipi. Mimi nimezika mume na wanangu wawili, na sijawahi kusikia kilio kinachoulizia njia namna ile.

Wapiga picha wakamkimbilia. Waziri akakatiza hotuba, akamnyooshea mkono: "Mnaona? Mnauona uzalendo wa mama huyu?" Jioni yake alikuwa kwenye taarifa ya habari, na wiki iliyofuata akaletewa Cheti cha Mfiwa Bora, kina mhuri.

Watu walipoondoka alibaki. Nikamwona anaongea na mlinzi wa kaburi, nikasogea.

"Mwanangu," alikuwa anamwambia, "naweza kuja Ijumaa nikasoma Yasini hapa? Sikai sana. Sina kaburi lingine."

Mlinzi alikuwa kijana, akainamisha kichwa. "Mama, hapa dua ni kwa kibali," akasema. "Andika barua Wizarani."

*

Kesi ilipoitwa mara ya ishirini na tatu, ukumbi ulijaa. Watu walitaka kuona Deusdediti atasema nini sasa, maana mtu aliyetembelea gongo miaka yote, gongo likazikwa, lazima ukamtazame anavyotembea.

"Hemedi! Hemedi! Hemedi!" Siyawezi akasimama.

Deusdediti naye akasimama. Akarekebisha tai.

"Mheshimiwa," akasema. Akafungua kinywa, akakifunga. Nilimwona ile sentensi inampanda kooni na yeye anaimeza, inapanda, anaimeza. Polisi wawili walisogea mlangoni, maana sheria ni sheria.

"Bwana Deusdediti," akasema Hakimu, "Mahakama inasubiri, na jua linasogea."

"Mheshimiwa, mshtakiwa..." Akatazama dari. "Mshtakiwa anaumwa."

Sote tulisikia uongo. Siyawezi alisikia kitu kingine kabisa. Wanaoumwa ni walio hai.

"Anaumwa nini, baba?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka mlangoni.

"Malaria."

"Anakula?"

"Anakula, mama. Vizuri tu."

"Anakula nini?"

Hapo jamaa hakuwa amejiandaa. "Makande," akasema.

"Makande!" Siyawezi akashika kiuno. "Mtu ana malaria mnampa makande? Nyie hamna mama? Mnataka tumbo limuue badala ya homa? Na huyo anayempikia, ameyakoboa hayo mahindi?"

"Yamekobolewa, mama," akasema Deusdediti, jasho linamtoka.

Watu wakacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Siyawezi akaguna kidogo, kisha akauliza taratibu:

"Ananiulizia?"

Deusdediti angeweza kusema hajui. Angeweza kusema mgonjwa amelala. Malaria ningemsamehe, na makande ningemsamehe. Lakini alimtazama yule mama machoni akasema:

"Kila siku, mama. Anauliza kama umekula."

Hapo ndipo nilipomchukia. Alikuwepo mahakamani siku ile ya kwanza, na alichokisikia alikihifadhi, akaja kukitumia.

Hakimu Luponda akapekua sheria mpya. Akasema kwa kuwa kesi lazima isonge ndani ya siku kumi na nne, na kwa kuwa mshtakiwa hawezi kuifuata Mahakama, Mahakama itamfuata mshtakiwa. Kesi itasikilizwa kitandani kwake, Hospitali ya Wilaya. Nilimwona Deusdediti anashika meza.

Tulipotoka, Siyawezi alinishika mkono.

"Dada Somoe, wewe unajua sheria. Ni kweli?"

"Imeandikwa kwenye mwenendo wa kesi."

"Sijauliza kama imeandikwa. Nimeuliza kama ni kweli."

"Mimi mtu wa darasa la nne, mwanangu."

Akacheka. Tangu mwanawe achukuliwe sikuwa nimemsikia akicheka, na magoti yake yakagongana, nikajua Hemedi alikitoa wapi kicheko chake. Ningemwambia nini? Niambieni ninyi mliosoma. Kwa siku kumi na nne alisuka nywele, akapaka nyumba chokaa, akaloweka ulezi, akaukausha, akausaga. Alikuwa anaimba. Nami kwenye gazeti la Ijumaa ile nikachambua ushuru wa kuku.

*

Hospitali ya Wilaya ilipakwa rangi, na miti nayo ikapakwa. Wagonjwa waliondolewa wodini kwa kuwa walikuwa wanaumwa sana na wanaharibu mandhari. Kikabaki kitanda kimoja katikati, shuka jipya, na juu ya kitanda mtu aliyefungwa bandeji kutoka utosini hadi kiunoni, ameachiwa mwanya wa macho na mwanya wa mdomo.

"Daktari," nikamuuliza Mganga Mkuu, "malaria hii imemvunja wapi?"

"Ilikuwa malaria ya ndani, bibi," akajibu. "Sasa imetokeza nje."

Hakimu Luponda akakaa kwenye kiti cha kung'olea meno, hapakuwa na kingine cha hadhi yake. Karani akaweka daftari juu ya kabati la dawa. Kwa nyuma, nyumbani kwa Mganga Mkuu, palikuwa panapikwa pilau ya wageni, na harufu yake ilikuwa inaingia dirishani na kumsogelea Mheshimiwa moja kwa moja.

Tarishi akaenda mlangoni mwa wodi. "Hemedi! Hemedi! Hemedi!"

Bandeji kimya. Deusdediti akamfinya.

"Nipo," ikasema sauti kutoka ndani ya kitambaa.

"Mheshimiwa, mshtakiwa yupo mbele ya Mahakama yako tukufu," akasema Deusdediti. "Amelala kwa heshima zote."

Siyawezi aliomba ruhusa amnyweshe mgonjwa kwanza. Hakimu akaridhia, akaagiza iingie kwenye kumbukumbu. Basi mama akafungua chupa ya uji, akakaa pembeni ya kitanda, akapuliza kijiko, akakipitisha kwenye ule mwanya, na karani anaandika: kijiko cha kwanza kimepokelewa, kijiko cha pili kimepokelewa.

"Baba, paka wako amezaa," anamwambia. "Wanne. Mmoja nimempa dada Somoe, huyu hapa, anamnyima maziwa. Majiko yako nimeyafunika yasishike kutu. Yule msichana wa kwa Mwinjuma anakuulizia, nimemwambia unakuja. Mbona umenenepa?"

"Mmh," ikasema bandeji.

Kijiko cha sita kilipopokelewa, akaupapasa mkono wake juu ya shuka. Akaushika. Akaugeuza, akatazama kiganja. Akavitazama vidole, kimoja kimoja, kama anayevihesabu kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kisha akaurudisha chini ya shuka polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani akakiri si chake.

Hakupiga kelele. Alichota kijiko cha saba, akampa. Akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga. Nilikuwa nimekaa karibu, nikauona uso wake ukizima, na nikatamani ardhi inimeze mimi na ushuru wangu wa kuku.

Akafunga chupa. Akanigeukia, akauliza kwa kunong'ona:

"Dada Somoe. Mgonjwa si anaweza kuuguzwa kwao?"

"Anaweza," nikasema. "Kwa dhamana. Ukisema ni mwanao na utamrudisha tarehe ya kesi."

"Haya," akasema. Akasimama.

*

"Mama," akasema Hakimu Luponda, pua imeelekea dirishani, "umemwona mshtakiwa. Ni mwanao Hemedi?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

Deusdediti akashusha pumzi iliyopeperusha karatasi za karani.

"Na naomba dhamana," akaendelea Siyawezi. "Nimchukue leo. Nyumba nimepaka chokaa, uji nimeshasaga. Nitamuuguza mwenyewe."

"Dola ina pingamizi?" Hakimu akauliza, akaona Deusdediti anameza mate tu, akaandika. "Hakuna pingamizi. Dhamana imekubaliwa. Mama, mchukue mwanao. Mahakama inaahirishwa, tukale."

Siyawezi akamfunua yule mtu shuka. "Twende, baba. Nyumbani."

Mtu wa bandeji akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Mheshimiwa!" akapiga kelele, akakaa kitako. "Mimi ni Koplo Zakayo wa kituo kikuu! Nina mke na watoto watano! Niliambiwa ni nusu saa tu!"

"Anaweweseka," akasema Siyawezi, na akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Homa imempanda."

"Karani, andika homa," akasema Hakimu.

"Mheshimiwa, Dola inapinga!" Deusdediti sasa alikuwa anapiga kelele. "Mama huyu anaidanganya Mahakama! Huyu siye mwanawe!"

Hakimu akavua miwani. "Bwana Deusdediti, wewe ndiye uliyetuleta hapa. Wewe ndiye uliyesema mshtakiwa yupo."

"Nilisema, Mheshimiwa, lakini huyu mama ameshika msahafu akasema uongo! Ni kosa la jinai! Naomba awekwe ndani sasa hivi!"

"Sikushika msahafu, baba, nilishika kijiko," akasema Siyawezi. "Ninyi mmeniita, mkanionyesha, mkasema huyu ndiye Hemedi. Mimi nani hata nikatae neno la Serikali? Kama siye, niambie. Umejuaje siye?"

"Najua!"

"Wewe si ulisema ndiye? Ananiulizia kila siku. Anakula makande. Leo umejuaje siye?"

"Mama, usinifundishe kazi!"

"Sikufundishi, baba. Nakuuliza. Umejuaje?"

"Kwa sababu Hemedi tulimzika sisi!" akafoka Deusdediti, mshipa umemsimama shingoni. "Siku ya pili tu baada ya kutajwa mara ya kwanza! Nilikuwepo mimi mwenyewe, niliwamulikia wachimbaji kwa taa ya gari, sasa atakuwaje huyu..."

Akaweka mkono mdomoni, lakini mkono ulichelewa.

Hakimu akamtazama karani. Karani alikuwa ameshaandika. Koplo Zakayo akaacha chuma cha kitanda, akaanza kujivuta bandeji za usoni, taratibu, bila kumtazama mtu.

Siyawezi akasogea mpaka akasimama mbele ya Deusdediti, karibu kabisa, kama mtu anayeulizia njia kwa mgeni.

"Wapi, baba?"